Damu ya Mchana

Wakatoliki na Walutheri wanaihesabu kuwa amri ya tano. Waanglikana, Wasabato na wengine wengi wanaihesabu ya sita. Neno ni lile lile: Usiue. Katika zote kumi, nadhani hii ndiyo tunayoipita haraka zaidi tunapojikagua. Uongo tumesema, vya watu tumevitamani, siku ya ibada tumeifanyia biashara. Kuua? Huko hatujafika.

Lakini nchi hii, Tanzania, ina vifo visivyo na muuaji. Mtu anapiga kelele za "Mwizi!" stendi au sokoni, na kabla chai haijachemka kuna maiti barabarani na harufu ya tairi. Kesho yake gazeti linaandika kwamba marehemu aliuawa na wananchi wenye hasira kali. Wananchi hao hawana majina. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikihesabu mamia ya vifo vya namna hii kwa mwaka, na kila kifo kina umati wake. Watu hao wote wako wapi Jumapili asubuhi na Ijumaa mchana? Wamekaa nasi safu moja.

Ndiyo maana, kwangu mimi, swali la maana ya amri hii halianzii vitani wala kwenye kitanzi cha magereza. Linaanzia mtaani. Watu watano wanaozungumza hapa sikuwapa majina, maana kila mtaa unao: mama mwenye duka la jumla, mchungaji wa Kilutheri, wakili wa kike ambaye ni Msabato, kijana wa bodaboda, na ustadhi wa madrasa ya jirani. Nitaingia kati pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MAMA WA DUKA: Mchungaji, nianze mimi, maana mimi ndiye niliyeibiwa. Nimevunjiwa mara mbili. Mara ya pili walimkata mlinzi panga la bega, mzee wa watu, mpaka leo mkono haunyanyuki. Tukamkamata mmoja wao, tukampeleka kituoni wenyewe. Wiki mbili hazikuisha, namwona amekaa kibarazani kwangu anakunywa soda, ananitazama. Sasa nikisikia mahubiri ya Usiue najiuliza, mbona hamwendi kumhubiria yeye?

MCHUNGAJI: Na yeye inamhusu, mama.

MAMA WA DUKA: Inamhusu, lakini anayeambiwa kila wiki ni mimi. Tena Biblia mnaisoma nusu. Mungu aliyesema Usiue ndiye aliyeagiza watu wapigwe mawe. Ukitoka kwenye Amri Kumi unaingia Kutoka 21, na humo ni kifo juu ya kifo: aliyeua mtu auawe, aliyempiga baba yake auawe. Kwa hiyo kilichokatazwa ni kumuua asiye na hatia. Mwizi ana hatia.

MCHUNGAJI: Umeisoma kuliko baadhi ya wazee wangu wa kanisa. Ni kweli, Torati ina hukumu ya kifo, na anayesema amri hii inakataza kila uuaji wa kila namna itabidi aruke kurasa nyingi. Lakini funua ukurasa mmoja zaidi. Kutoka 22 inazungumza habari ya mwizi aliyekutwa anavunja nyumba, akapigwa akafa. Mwenye nyumba hana damu juu yake. Ila kama jua lilikuwa limekwisha kuchomoza, anayo. Mwizi ni yule yule na nyumba ni ile ile.

MAMA WA DUKA: Jua linahusiana nini na hatia ya mwizi?

MCHUNGAJI: Na hatia yake, halihusiani. Linahusiana na wewe. Usiku hujui amefuata redio au amefuata shingo yako. Huoni ameshika nini, na watoto wamelala chumba cha pili. Mchana unamwona, unaweza kuita watu, unaweza kumshika. Hofu imeondoka, imebaki hasira, na kwa hasira peke yake Torati haikupi ruhusa ya roho ya mtu. Halafu angalia adhabu yenyewe. Aliyeiba ng'ombe akamchinja alipe watano, kondoo alipe wanne, mnyama akikutwa hai alipe wawili. Asiye na kitu auzwe afidie. Kwa wizi wa mali peke yake, sheria ya Musa haimuui mtu. Anayeuawa ni aliyeiba binadamu.

Jambo hili lingepaswa kujulikana zaidi kuliko linavyojulikana. Babeli, katika sheria za Hammurabi zilizoandikwa karne kadhaa kabla ya falme za Israeli, aliyetoboa ukuta wa nyumba aliuawa pale pale mbele ya tundu alilotoboa. Uingereza, iliyokuwa ikisoma Biblia hii hii kanisani, ilikuwa ikinyonga watu kwa wizi wa mfukoni hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 296(2), inataja kifo kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Kwa mali, watu wa jangwani walikuwa na huruma kuliko wengi waliowafuata. Tunaposema tunawachoma wezi kwa kuwa sisi ni watu wa dini na tunachukia uovu, tunamsingizia Musa.

MAMA WA DUKA: Musa alikuwa na wazee langoni. Mimi nina kituo ambacho gari halina mafuta, na nikitoa hela ya mafuta naambiwa nirudi kesho. Nipeni mahakimu wa Torati, nami nitawapelekea mwizi.

WAKILI: Hapo sikupingi, mama. Ametoka, na hakuna aliyekuja kukueleza ametokaje wala kesi imefikia wapi. Ukaachwa ugundue mwenyewe kibarazani kwako. Hilo linatuhusu sisi watu wa sheria. Ila usidhani watu wa Torati walikuwa na serikali imara. Polisi hawakuwepo kabisa. Aliyemsaka muuaji alikuwa ndugu wa marehemu, mtwaa kisasi cha damu, yuko njiani na silaha. Katika hali hiyo zikaagizwa ziwepo hifadhi, miji sita ya makimbilio: Kedeshi, Shekemu na Hebroni upande huu wa Yordani, Bezeri, Ramothi na Golani upande ule. Aliyeua anakimbilia huko, anajieleza kwa wazee langoni, na haguswi mpaka asimame mbele ya kusanyiko ahukumiwe. Kumbukumbu la Torati 19 inatoa mfano wa watu wawili msituni wanakata kuni. Shoka likachomoka kwenye mpini, likampata mwenzake. Na sura hiyo hiyo inaagiza njia za kwenda miji hiyo zitengenezwe, mtwaa kisasi asije akamfikia mtu huyo wakati moyo wake ungali unawaka. Nikisoma pale huwa nashindwa kuendelea. Barabara inachongwa kwa ajili ya mtuhumiwa! Kwetu barabara inafungwa.

MAMA WA DUKA: Huyo wa shoka aliua bila kukusudia.

WAKILI: Nani alijua hivyo kabla hajasikilizwa? Aliyekusudia na asiyekusudia walikimbia njia moja. Aliyekusudia angetolewa baadaye akafe, lakini kwanza angefika.

KIJANA WA BODABODA: Dada, naomba niseme. Mimi nilishakuwepo. Sio mtaa huu, ni kule kijiwe chetu cha zamani. Mwenzetu aliitwa na abiria usiku, tukamkuta asubuhi mtaroni, shingo imekazwa waya, pikipiki haipo. Pikipiki yenyewe ya mkataba, deni halijaisha. Tukamzika, tukamchangia mkewe. Baadaye mtu akasema, yule pale, ndiye yeye. Tukaja wote. Mimi sikumpiga, hata kofi. Waliuliza nani ana petroli, nikachomoa mpira wa tangi nikajaza chupa ya maji, nusu. Kisha nikaondoka, nilikuwa na abiria.

WAKILI: Mdogo wangu, ungekuja ofisini ningekushauri usiseme neno zaidi mbele za watu.

KIJANA WA BODABODA: Nimelala nalo sana, dada. Nataka Mchungaji anijibu. Mimi niliua?

MCHUNGAJI: Siku Stefano alipopigwa mawe nje ya mji, Matendo ya Mitume haikutaja jina hata moja la waliorusha. Jina lililoandikwa ni la kijana aliyewalindia nguo. Sauli. Hakurusha kitu. Miaka ikapita, akawa Paulo, akasimama mbele ya umati mwingine Yerusalemu uliotaka kumuua yeye, na katika hotuba yake akataja kwamba siku ile alikuwepo, aliridhia, na nguo alizishika yeye. Pale hakuna aliyemuuliza. Alilitaja mwenyewe.

WAKILI: Na sheria ya Tanzania inamuunga mkono Paulo. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyesaidia kuwa ametenda kosa lenyewe. Cha 23 kinawafunga pamoja wenye nia ya pamoja. Chupa yako ni msaada.

KIJANA WA BODABODA: Lakini yule alikuwa ameua mwenzetu.

WAKILI: Nani alithibitisha?

KIJANA WA BODABODA: Yule aliyesema.

WAKILI: Mmoja?

KIJANA WA BODABODA: Mmoja. Baadaye alihama.

MCHUNGAJI: Hesabu 35 inasema shahidi mmoja hatoshi kumtoa mtu roho. Na Kumbukumbu la Torati 17 inaongeza kwamba mashahidi ndio waanze, mkono wao utangulie mikono ya watu wote. Yule aliyenyoosha kidole angerusha la kwanza, uso wake ukionekana. Sheria hiyo inatutisha leo, nami sitamani irudi. Lakini haikumpa mtu nafasi ya kusema neno akahama.

Naingia kati. Torati iliruhusu kifo mahali pengi, na kuna kurasa zake ambazo sijui kuzisoma bila kutetemeka. Kitu ambacho haikukiruhusu kamwe ni kifo kisicho na mwenyewe. Damu ilipomwagika lazima iangukie kichwa cha mtu fulani, au ukoo fulani, au mji fulani. Ushahidi mkubwa uko Kumbukumbu la Torati 21. Maiti imekutwa kondeni, haijulikani nani ameua. Sisi tungefunga jalada. Wao wazee na waamuzi wanatoka, wanapima umbali kutoka pale ilipolala hadi kila mji wa karibu. Mji ulio karibu zaidi ndio wenye mzigo. Wazee wake wanachukua mtamba ambaye hajawahi kufungwa nira, wanamshusha bonde lenye maji yatiririkayo, ardhi isiyolimwa wala kupandwa, wanamvunja shingo, wananawa mikono juu yake, wanatamka kwamba mikono yao haikumwaga damu ile na macho yao hayakuona.

Walimu wa Kiyahudi waliokusanya Mishna, mwanzoni mwa karne ya 3, waliuliza swali ambalo yeyote mwenye akili angeliuliza: kwani nani alidhani wazee wa mji ni wauaji? Wakajibu kwamba wazee wanaapa jambo jingine. Wanaapa kwamba mtu huyu hakupita kwao wakamwacha aende bila chakula, wala hawakumwona wakamwacha aende bila wa kumsindikiza. Sisi tunaojua maana ya kumsindikiza mgeni hadi njia panda hatuhitaji maelezo. Kwa walimu wale, mtu anaweza kuuawa na kisu cha jambazi, na bado mji ukatakiwa ueleze kwa nini alikuwa peke yake.

Sasa pima mtaani kwetu. Polisi wanakuja na gari, mwili unaondolewa, mtu anamwaga mchanga juu ya majivu, na adhuhuri muuza machungwa amepanga meza pale pale. Umbali hauna haja ya kamba. Ni mlango wa nani ulikuwa karibu, ukafungwa? Mwenyekiti wa mtaa alikuwa wapi? Nani angeweza kunawa mikono akatamka kwamba macho yake hayakuona, wakati simu yake ina video?

MAMA WA DUKA: Mnanena vizuri, lakini mnachagua. Sura hiyo ya Kutoka 22 mnayoipenda, shuka kidogo, aya ya 18. Mchawi asiachwe hai. Kwetu Shinyanga aya hiyo watu wanaijua bila kwenda shule ya Biblia.

MCHUNGAJI: Aya hiyo sina jibu lake la kukuridhisha, mama. Ninachojua ni kilichofanyika Usukumani. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho ni mekundu kwa sababu wamepikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi maisha yao yote ndani ya jiko lisilo na dirisha. Nani walikuwa mashahidi wawili? Mganga mmoja, gizani, kwa malipo. Na mara nyingi nyuma ya mganga kuna shamba ambalo mtoto wa marehemu amechoka kulisubiri. Anayeishika aya ya 18 bila kushika sheria ya mashahidi ameokota jiwe akaacha lango.

USTADHI: Niongeze kwa upande wetu. Kisa cha wana wawili wa Adamu kiko katika Suratul Maida, na baada yake, aya ya 32, Mwenyezi Mungu anataja aliyowaandikia Wana wa Israeli: kuua nafsi moja pasipo haki ni kama kuwaua watu wote. Wao waliandikiwa, nasi tumesomeshwa. Na kisasi kwetu kina mwenyewe. Ni haki ya walii, yaani ndugu wa aliyeuawa, mbele ya kadhi, naye anaweza kusamehe au kupokea dia. Mpita njia si walii.

MCHUNGAJI: Kwenye dia tunaachana, Ustadhi. Hesabu 35 inakataza kabisa kupokea fidia kwa roho ya muuaji wa kukusudia, tajiri asije akanunua damu.

USTADHI: Tuachane hapo. Lakini kwenye umati tuko pamoja. Na neno "mwizi" ukimtupia mtu sokoni bila uhakika, umeshamuua kwa ulimi kabla wengine hawajainama kuokota mawe.

MCHUNGAJI: Hayo ndiyo aliyoyasema Yesu katika Mathayo 5. Aliichukua amri hii akaipandisha hadi kwenye hasira na matusi. Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia niliona ametia chumvi. Baadaye nilikuja kufanya kazi mjini.

Suala la kitanzi cha serikali lilijitokeza, na sikulipa nafasi kubwa, kwa kuwa hapo waumini wanyoofu hawajakubaliana. Mama alishika Mwanzo 9, damu kwa damu. Mchungaji alirudi nyuma hadi Kaini, muuaji wa kwanza, ambaye Mungu mwenyewe alimtia alama asije mtu akamuua. Wakili alikumbusha kwamba mwaka 1994 Jaji Mwalusanya alitamka adhabu ya kifo kuwa inapingana na Katiba, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yake mwaka 1995, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika, iliyopo Arusha, ikasema kifo cha lazima, kisichompa jaji nafasi ya kuchagua, kinavunja haki ya uhai. Rwanda iliwapiga risasi watu 22 hadharani Aprili 1998 kwa mauaji ya kimbari, na mwaka 2007 ikaifuta adhabu hiyo. Mwaka 2018 Papa Fransisko akaibadili Katekisimu, akasema haikubaliki tena. Nami naegemea kwa Kaini. Ila hata anayeegemea Mwanzo 9 hana pa kuuegesha umati wa saa sita mchana. Jaji ana jina, na hukumu yake inakatiwa rufaa.

KIJANA WA BODABODA: Na mimi, mbona mmeniacha njiani?

WAKILI: Hatujakuacha. Kosa la mauaji halifi kwa kukaa muda mrefu, sitakudanganya. Ukiamua kwenda kusema, mimi nitakwenda nawe, siku hiyo na siku za mahakamani. Usiende peke yako.

MCHUNGAJI: Na kwa mama wa yule aliyechomwa, tutakwenda wawili. Hatakukaribisha. Tutakwenda hivyo hivyo.

KIJANA WA BODABODA: Nikiwaambia wenzangu kijiweni wataniona msaliti.

MCHUNGAJI: Wataniona na mimi.

MAMA WA DUKA: Subirini. Mnapanga ya nyuma, mimi nina ya kesho. Akishikwa mwingine, kituo mnakijua, gari halina mafuta. Anawekwa wapi?

WAKILI: Ofisi ya serikali ya mtaa.

MAMA WA DUKA: Mlango wa mbao ule? Kofi moja.

MCHUNGAJI: Kanisani.

MAMA WA DUKA: Kanisa lina madirisha ya vioo, Mchungaji, watalivunja na wewe ndani. Jengo lenye mlango mtaa huu ni moja, duka langu. Geti la chuma nililiweka baada ya wao kuja mara ya pili. Sasa nisikilizeni. Akiwa mwizi wa kwangu siwezi, nawaambia ukweli, sijafika huko, huyo mtafute pengine. Akiwa wa mwingine, aingie. Ila polisi wakichelewa mpaka usiku atakula nini?

USTADHI: Chakula tutaleta sisi msikitini.

MAMA WA DUKA: Na funguo nakaa nazo mimi. Sio kijana huyu, wala mwenyekiti. Mimi.